Kinyozi Aliyeuliza Bei ya Tyubu

Kinyozi huyu walimwita Kwanini, na hawakumwonea. Kwa vinyozi wengine mtu huingia na nywele akatoka bila nywele, yakaisha. Kwenye kiti chake yeye ulitoka umeshaeleza kwa nini uliacha kazi yako ya kwanza, kwa nini matofali ya siku hizi ni mepesi, na kwa nini saa ya ukutani kwenu huchelewa wakati wa mvua. Fundi wa majokofu aliwahi kuja kuchongwa ndevu tu, akajikuta anachora kwa kidole kwenye kioo namna baridi inavyotengenezwa, huku povu likimkaukia shavuni. Na usidhani Kwanini alikuwa mbea. Mbea hutaka habari za watu. Huyu alitaka habari za vitu. Ni mambo mawili tofauti, na asiyeiona tofauti hiyo mimi sina muda naye.

Duka lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mkewe. Viti vitatu, kioo kirefu, mashine zimening'inizwa kwenye misumari, benchi la kungojea lililochanika ngozi pembeni. Kwanini alikuwa na kiti cha mlangoni, kiti cha heshima, maana ndicho anachokiona mpita njia. Shemeji mwenyewe hakunyoa; aliketi kwenye meza ndogo akipokea pesa na kuwaambia watu ni zamu ya nani. Alikuwa na sheria moja tu, ila hiyo moja aliishika kwelikweli: kabla ya kumgusa mteja, kinyozi ajimwagie spiriti mikononi mbele ya macho ya mteja huyo, asugue mpaka harufu imfike puani. "Vijidudu mteja havioni," alipenda kusema, "lakini harufu anaisikia." Na kweli watu walikuwa wakiwaruka vinyozi wengine wa mtaa ule waje pale, wakisema pale ni pasafi.

Basi ikaja siku ngozi ya Kwanini ikaanza kumgeuka. Ilimwasha katikati ya vidole, akaipuuza. Ikawa nyekundu, akasema ni joto. Ikapasuka, ikaota magamba meupe kwenye vifundo vya vidole na migongoni mwa mikono, na kila alipokunja ngumi ikachanika upya. Mtu wa kazi nyingine angevaa shati la mikono mirefu, likapita. Lakini kinyozi ataificha wapi mikono? Kazi yake yote ni kuileta mbele ya uso wa mtu.

Aliyeanza kukimbia alikuwa mwalimu mstaafu, mteja wake wa miaka na miaka. Aliketi, akaona ule mkono unakuja na wembe, akakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni. Jioni alirudi, akaketi kiti cha pili. Kwanini alimwona kupitia kioo, mwalimu naye akaona kwamba ameonwa, wakasalimiana kwa adabu kupitia kioo hichohicho. Haikuchukua muda, kiti cha mlangoni kikawa kinakaa kitupu na benchi limejaa. Nani asiyeyajua maumivu hayo? Watu wanangoja, wewe umesimama na kitambaa begani, na wote wamegundua leo kwamba sakafu inapendeza kutazamwa.

"Shemeji," mwenye duka akamwambia walipokuwa wanafunga, bila kumtazama, "mimi na wewe ni damu moja."

"Si damu. Mimi nimeoa tu kwenu. Sema unachotaka kusema."

"Mwezi ukiisha mikono ikiwa bado hivi, kiti nitampa mtu mwingine. Wewe utakaa hapa mezani upokee pesa. Mshahara sitakupunguzia."

Kupokea pesa si kazi mbaya, lakini mtu aliyeshika wembe tangu kidevu chake mwenyewe hakijaota ndevu, ukimweka mezani umemzika angali anapumua. Kwanini alitaka kiti chake. Hicho tu ndicho alichotaka, na kwa ajili yake alikuwa tayari kwenda hata kwa daktari, ingawa siku zote aliwaona madaktari kuwa ni watu wa kuuliza maswali mengi mno.

Daktari wa ngozi aliigeuza mikono ile huku na huku chini ya taa. "Pumu ya ngozi," akasema. "Haiambukizi. Unaweza kumbeba hata mtoto mchanga." Akaandika cheti cha dawa. Kwanini akataka kujua kwa nini inaitwa pumu wakati yeye anapumua vizuri, na kwa nini imeanzia mikononi isianzie kisogoni. La kwanza daktari alilijibu. La pili alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa, muuguzi akafungua mlango, na mgonjwa mwingine akaingia na mtoto analia.

Duka la dawa lilikuwa milango miwili kutoka kwa kinyozi, na mfamasia alikuwa mteja wake: bwana mpole mwenye nywele chache ambazo alizipenda sana. Alisoma cheti, akaweka kaunta tyubu ndogo, urefu wake kama kidole cha shahada, akataja bei. Kwanini akamwomba aitaje tena. Ilikuwa ni pato lake la wiki nzima, tena wiki nzuri, ile ambayo vijana wengi wanakwenda kwenye usaili wa kazi. Na pembeni ya tyubu, palepale kwenye kaunta, kulikuwa na kopo la mafuta ya mgando la kumtosha mtu mwaka, ambalo bei yake mtoto angeweza kuibeba kiganjani.

"Kwa nini?" akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Hasira ilikuja baadaye. Wakati ule alitaka kujua tu, kama alivyotaka kujua habari za majokofu.

Mfamasia akaitazama foleni nyuma yake. "Lipa kwanza, upone. Kesho nakuja kunyolewa, nitakueleza."

"Kunyolewa na mikono hii?"

"Nimekuuzia dawa yake mimi mwenyewe. Nikikukimbia mimi, nani atabaki?"

Na alikuja. Kwanini alipaka dawa kwanza, kidogokidogo kama mtu anayetia chumvi ya kuazima, akamvisha kitambaa, akajimwagia spiriti, akasugua, akashika mashine. "Haya," akasema. "Nipe."

"Mimi naongeza kidogo tu juu ya bei niliyonunulia."

"Hilo ndilo jibu la kila mwenye duka. Hebu kaa wima."

Mfamasia akakaa wima. "Sikiliza basi. Vidonge vya maumivu nauza kutwa. Tyubu kama yako nauza moja, nakaa, nauza nyingine. Lakini kwa wakala lazima ninunue boksi zima. Zinazobaki zinapitwa na muda, nazitupa. Kwa hiyo anayenunua moja analipia na ile iliyokwenda jalalani."

"Nimelipia tyubu mbili nikapewa moja."

"Ndiyo, kama hivyo. Halafu wakala mwenyewe anayeiingiza ni mmoja tu. Akisema bei, hiyo ndiyo bei. Huna wa kumlinganisha naye."

Kwanini akazima mashine. Alikuwa na tabia hiyo: jambo likimkolea, kazi ilisimama. "Na hakuna dawa nyingine kama hii? Mkate mmoja una waokaji kumi."

"Ipo. Dawa ni ileile, kampuni ndiyo nyingine, bei haifiki nusu. Niliwahi kuileta. Ikakaa rafuni mpaka ikaharibika, maana hakuna daktari aliyeiandika. Daktari akiandika jina la kampuni fulani, mimi nikikupa ya kampuni nyingine utasema nimekubadilishia. Si ungesema?"

Kwanini akafikiri. "Ningesema."

"Tena mtaa mzima ungesikia."

Kwanini akawasha mashine.

Siku yake ya mapumziko alirudi kwa daktari, akangoja kwenye kiti cha plastiki kati ya watu wanaojikuna. Daktari akamkumbuka mara moja. "Wewe ni yule wa kisogo."

"Ndiye. Kuuliza si ujinga, daktari: kwa nini uliandika jina la kampuni hii na si la dawa yenyewe?"

Mwingine angemfukuza. Huyu aliegemea kiti. "Nimeiandika muda mrefu na naiona inafanya kazi. Mkono umeizoea. Halafu kuna bwana mmoja wa mkoba hupita hapa, ananisimulia habari za dawa hii, ananiachia kalamu." Akaiangalia kalamu iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka mezani taratibu. "Kwani inauzwaje?"

Kwanini akamtajia.

Daktari akavua miwani. Kwanini, aliyezoea kusoma nyuso kwenye kioo, akaona kwamba kweli hakuwa akijua. "Sisi tunafundishwa dawa," akasema daktari, "bei hatufundishwi. Mgonjwa asiporudi, huwa najiambia amepona."

Akaandika cheti kipya, safari hii akiandika jina la dawa yenyewe, ili mgonjwa apewe ya kampuni yoyote iliyo nafuu. Kwanini akatoka pale amefurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea. Mfamasia naye akasema sawa, ataiagiza, lakini itachukua siku.

Siku zenyewe ndizo alizokuwa hana. Tyubu ya kwanza iliisha kabla ya wakati wake. Akaikata kwa mkasi akaikomba ndani, mkewe akimtazama kutoka upande wa pili wa meza. Mkewe alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa maneno machache, ila hayo machache yalikuwa na uzito.

"Bei umeijua," akamwambia. "Kupona je?"

"Dawa ya bei ile haiwezi kuwa mbaya."

"Mimi sijasema ni mbaya. Nimeuliza kupona."

Kwanini akasema ni suala la muda, akachukua akiba iliyowekwa kwa ajili ya mlango mpya wa nyumba, akanunua tyubu ya pili. Akawa anapaka asubuhi, anapaka mchana, anapaka kila kiti kikipata mtu. Mikono ikazidi. Kidole gumba kilichanika mpaka mkasi ukawa unaacha damu kwenye taulo, na taulo la kinyozi likiwa na damu hakuna mteja atakayeuliza ni damu ya nani. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Ndipo siku moja akamwona bwana wa mkoba. Mfamasia ndiye aliyemwonyesha, kwa kidevu, akiwa amesimama mlangoni pake: mtu nadhifu, viatu vinang'aa, mkoba mweusi wenye vishikizo viwili. Alikuwa anapita zake. Kwanini akamwambia kwa upole kutoka kizingitini, "Bwana, ndevu zako za kushoto zimezidi za kulia." Hajazaliwa mwanamume wa kulisikia hilo akaendelea na safari. Bwana akaingia, akaketi, mkoba mapajani.

Kwanini akapaka dawa, akamvisha kitambaa, akajimwagia spiriti, akasugua, akashika wembe. Wembe ukiwa kooni mtu hupungukiwa uongo. Hilo vinyozi wote wanalijua ila hawalisemi.

"Hii dawa unayoitembeza," akaanza, "kwa nini viwanda vingi visiiige tukapata nafuu? Mbona vidonge vinaigwa kila siku?"

Yule bwana akacheka kwa puani. "Nimetembea na mkoba huu miaka, hilo hajaniuliza mtu. Kidonge kukiiga ni rahisi. Unampa mtu kidonge cha kwanza, unampima damu. Siku nyingine unampa kile cha kuiga, unampima damu. Vikilingana, umeshinda. Sasa hii ya kupaka haiingii kwenye damu, na tunaomba isiingie. Inakaa hapohapo kwenye ngozi. Utaipimia wapi?"

"Kwenye ngozi."

"Ngozi ya nani? Inabidi utafute wagonjwa mamia, hawa uwapake yako, wale uwapake ya mwenzako, ungoje, halafu uwakague mmoja mmoja kama nani kapona. Ni gharama hiyo. Mwenye kiwanda akipiga hesabu anaona bora arudi kwenye vidonge. Wanaothubutu ni wachache."

"Kumbe," akasema Kwanini, na akasahau kabisa mikono yake. Ndivyo alivyokuwa, jambo zuri kulijua lilimpendeza hata kama ndilo lililokuwa likimchuna. "Kwa hiyo anayebaki karibu peke yake sokoni..."

"Anajipangia. Na mshahara wangu umo humo, na viatu hivi, na kalamu za madaktari. Sikufichi, umenishika koo."

Wakacheka wote wawili. Kwanini akamaliza upande wa kushoto, akaweka wembe, akavuta chupa ya spiriti akajimwagia tena kabla ya kugeukia upande wa kulia, akisugua kwa nguvu, uso umejikunja kwa maumivu kama alivyozoea. Alipoinua macho akakuta yule bwana anamtazama kwenye kioo, na hacheki tena.

"Samahani. Ile dawa umepaka saa ngapi?"

"Ulipoketi tu. Si umeniona?"

"Halafu ukapaka spiriti."

"Lazima. Ndio usafi wa hapa."

"Kwa kila mteja?"

"Kwa kila mteja. Zamani, siku za watu wengi, nilidhani mikono italewa."

Yule bwana akatoa mkono chini ya kitambaa, akaushika mkono wa Kwanini bila kusita, akaugeuza kwenye mwanga. "Unaipaka, halafu unaifuta. Na spiriti yenyewe inaikausha ngozi iliyochanika, inachanika zaidi, unakwenda kununua tyubu nyingine. Huenda hata mwanzo wa ugonjwa ni hii chupa." Akageuka kutazama mlangoni kama mtu anayeangalia kama mwajiri wake yuko karibu. "Bwana kinyozi, mteja kama wewe sisi tungemwomba Mungu kila asubuhi. Tyubu tunauza. Kupona hatuuzi."

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Wangelijua la huyu wangeongeza kwamba hata hajioni, na kioo kiko mbele yake. Kwanini akaketi kwenye kiti cha jirani. Hapo ndipo hasira ilipokuja, ikafika ikakosa pa kwenda. Ampige wakala? Wakala hamjui. Ampige daktari aliyekatizwa na mtoto analia? Ampige huyu mwenye ndevu nusu, ambaye ndiye pekee aliyemwambia? Alikuwa amemimina mlango mpya wa nyumba yake hewani, na hewa ikanukia usafi. Aliona haya, na aliumia, na kwa dakika nzima hakuuliza chochote.

Na wewe usije ukaniambia kwamba basi kosa lilikuwa lake, dawa haikuwa ghali. Dawa ilikuwa ghali kabla hajaijua, na yote aliyoambiwa ni kweli: boksi la wakala, kalamu ya daktari, ugumu wa kuipima. Ila ughali ukikutana na kosa huzaa mapacha, na wote wawili hunyonya kwa mtu mmoja.

Siku hiyohiyo akamwendea shemeji. "Naacha spiriti. Vifaa nitavichovya kama kawaida, vyote. Mikono nitaosha kwa sabuni na maji, pale kwenye sinki, mteja akiona."

"Spiriti ndiyo duka hili," shemeji akasema.

"Spiriti ndiyo inayonichuna."

"Watu hawaji hapa kuona sabuni. Sabuni wanazo kwao." Shemeji akashusha sauti, hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu na kodi ya chumba. "Mikono yako imeshawatia mashaka. Ukiwaondolea na harufu, watakaa vipi? Nilisema mwezi ukiisha. Fanya utakavyo mpaka hapo."

Dawa ya bei nafuu ikafika. Kwanini aliifungua usiku huo akaipaka ipasavyo, bila kuibania, maana safari hii kila tone halikuwa na sura ya mlango. Asubuhi aliosha kwa sabuni, akajipaka mafuta ya kopo, akajikaza kisabuni, akasimama nyuma ya kiti chake. Ngozi ikaanza kufunga. Kwanza gumba, halafu katikati ya vidole. Wekundu ukabaki, na magamba kidogo kwenye vifundo, kama unga uliosahaulika. Aliyeijua mikono ile wiki zilizopita angesema imepona. Lakini watu wa benchi hawakuwa wakikumbuka ya nyuma. Waliona wekundu, wakasikia hakuna harufu, wakaitazama sakafu. Mfamasia alikuja, yule bwana wa mkoba akaja mara moja kumaliziwa mashavu. Wengine hawakuja.

Mwezi ukaisha. Asubuhi ya mwisho kinyozi mgeni akaingia na mashine zake amezifunga kwenye taulo, mtu wa heshima, akawasalimu wote kwa kuwapa mkono, hata Kwanini. Shemeji akamwonyesha kiti cha mlangoni. Mgeni akazipanga mashine zake kwenye rafu. Kwanini akakunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua, akakikunja tena, kwa sababu mikono ilikuwa haina kazi nyingine.

Mlango ukafunguliwa akaingia mkewe, amevaa aproni ya jikoni la shule. Wanawake hawakuwa wakiingia mle. Wanaume wa benchi wakakusanya miguu yao. Aliwasalimu. Salamu haikumfikia mdogo wake. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti cha mlangoni, akaketi, akafungua kitambaa cha kichwa. Nywele zake zilikuwa fupi, zimeanza kuingia mvi.

"Zimekua," akasema. "Nipunguze."

"Mke wangu," Kwanini akasema chini chini, "hapa wananyolewa wanaume."

"Nywele hazijui."

Shemeji akasimama mezani pake. "Dada, tafadhali. Kuna wateja."

"Na mimi ni nani? Nitalipa. Hebu niambie, mdogo wangu, huyu mtu wako anaosha mikono au haoshi?"

"Anaosha."

"Vifaa anavisafisha?"

"Anavisafisha."

"Basi kaa."

Akakaa. Alikuwa ni dada yake aliyemlea, angefanya nini?

Kwanini akaenda kwenye sinki, akaosha kwa sabuni, taratibu, mpaka juu ya kifundo. Akakausha. Akamfunika mkewe kitambaa, akawasha mashine, akainua mkono wa kushoto ili amshike kichwa kama anavyomshika kila mtu, na mkono ukaishia hewani. Ulikaa pale, wekundu wake wote unaonekana, shubiri moja juu ya nywele za mkewe, haushuki. Benchi zima lilikuwa linatazama sasa, sakafu ilikuwa imeisha uzuri.

"Unangoja nini?" mkewe akamwuliza kwenye kioo.

Kwanini akautazama mkono wake, si kioo.

"Tangu hii mikono ianze hujanigusa hata bega," akasema. Alidhani anasema polepole, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Unalala umeukumbatia ukuta. Mimi nikakaa nikijiuliza nimekukosea nini."

"Nilidhani unaogopa."

"Umemwuliza mfamasia. Umemwuliza daktari, ukapanga na foleni. Umemwuliza hata mtu wa viatu." Macho yake yalikuwa yamejaa maji na hakuyafuta. "Mimi hukuniuliza."

Kwanini alifungua kinywa. Alitaka kusema kwamba maswali mengine mtu huyaacha kwa sababu anaogopa jibu, na kwamba katika maswali yote aliyowahi kuuliza kwenye kiti kile, hili ndilo peke yake lililomshinda. Hayo yote hayakutoka. Kilichotoka ni kidogo, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

"Unaogopa?"

Mkewe akatoa mkono chini ya kitambaa, akaushika ule mkono uliokuwa hewani, akauteremsha, akauweka shavuni pake. Akaubana hapo kwa kiganja chake, magamba na yote, mbele ya benchi lote na mdogo wake. Mashine iliendelea kunguruma katika mkono wa pili wa Kwanini, mbali na kichwa cha mtu yeyote.

Kinyozi mgeni akakohoa. Akamsogelea mwenye duka, akamwuliza kwa adabu kama angoje wamalize ndipo achukue kiti.

Shemeji alikuwa anamtazama dada yake. Ilimchukua muda kusikia kwamba ameulizwa.

"Hapana," akasema. "Hicho kina mtu."